Wanja, Hina, Poda na Mafuta: Kipi Kinafaa Kupakwa Mtoto Mchanga?



Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Akizaliwa mtoto Unguja au Pemba, mwili wake hupitiwa na mikono mingi kabla hazijatimia siku arubaini. Bibi huja na mafuta ya kuchulia, shangazi huja na wanja, jirani huleta poda na sabuni yenye picha ya mtoto anayecheka, na anayetoka Dubai huleta mkoba mzima wa krimu. Wote hao huleta kwa mapenzi. Lakini mtoto hawezi kusema kuwa hiki kinamuwasha na hiki kinamchoma, na vingine katika hivyo havimuwashi wala kumchoma, humdhuru kimyakimya. Mwili wake ni amana mikononi mwa wazazi, na Fuqahaa wamekubaliana kuwa madhara huondolewa na hayaachwi kwa sababu tu watu wameyazoea. Kwa hiyo suala la nini apakwe mtoto si la urembo peke yake.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na kwa kila kilo moja ya uzito wake ana eneo la ngozi takriban mara mbili na nusu ya alilonalo mtu mzima. Maana yake ni kuwa dawa ileile, ikipakwa kwa wingi uleule, huingia damuni mwake kwa kiwango kikubwa zaidi. Ini na figo zake nazo bado hazijapata nguvu ya kuisafisha. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ni dhaifu zaidi, kwani ngozi yake bado haijawa kizuizi kamili. Mwaka 1972 huko Ufaransa poda ya watoto iitwayo Talc Morhange ilitiwa kwa makosa kiwango kikubwa cha dawa ya kuua vijidudu, heksaklorofini. Watoto 204 walidhurika na 36 kati yao wakafa. Hawakuinywa, walipakwa tu.

Wanja

Tuanze na wanja, kwa sababu hapa ndipo mazoea na dini huchanganywa zaidi.

Wanja wa manga unaouzwa kwa jiwe au kwa unga, mara nyingi asili yake ni madini ya galena, nayo ni risasi iliyoungana na salfa. Sampuli zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na risasi nyingi mno, nyingine zaidi ya nusu ya uzito wake. Marekani hairuhusu wanja wa aina hii kuuzwa kama kipodozi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na hivyo ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani. Inaathiri ubongo unaokua: uelewa wa mtoto, usikivu wake na utulivu wake anapofika skuli. Mzazi haoni kitu siku hiyo, wala mwezi huo.

Wengine husema: “Simtii machoni, nampaka kwenye nyusi tu.” Mtoto hujisugua uso kwa kiganja, kisha kiganja hicho huingia mdomoni. Na risasi inayomezwa na mtoto mdogo huingia damuni kwa kiasi cha mara nne hadi tano zaidi ya ile inayomezwa na mtu mzima.

Ama hoja ya Sunnah, ni kweli Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) amesifu ithmid, na Hadiyth zake zimo katika Sunan. Lakini ithmid inayoelezwa na wanavyuoni ni jiwe maalumu, ambalo wengi wamelifasiri kuwa ni antimoni. Kopo lililoandikwa “ithmid” dukani si ushahidi wa kilichomo ndani, na baadhi ya yaliyopimwa yamekutwa ni galena tupu. Pili, wanja huo umesifiwa kwa manufaa yake kwa jicho. Kikithibitika kwa watu wenye ujuzi kuwa kitu kinadhuru, basi hatukitetei kwa jina la manufaa. Na aliyeacha kumpaka mtoto wake wanja hakuacha wajibu wowote.

Kuna na lile doa la wanja kwenye paji la uso, la kukinga kijicho. Kijicho ni haki na kimethibiti. Lakini kinga aliyotufundisha Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) ni ya maneno: alikuwa akiwakinga wajukuu wake al-Hasan na al-Husayn kwa du’aa, kama alivyopokea al-Bukhaariy. Du’aa hiyo haina risasi ndani yake. Inasikitisha kuona mama anaijua rangi ya wanja wa kila duka la Darajani lakini du’aa hiyo hajaihifadhi.

Wanja wa masizi unaotengenezwa nyumbani hauna risasi ya galena, lakini jicho la mtoto mchanga halihitaji masizi. Uchafu wa kijiti na wa kidole unatosha kumletea maradhi ya macho.

Hina na piko

Hina ni mti wetu, na kwa mtu mzima mwenye afya jani lake halina neno. Kwa mtoto mchanga kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu umeenea zaidi katika sehemu ambazo malaria ilikaa kwa karne nyingi, na mwambao wetu na visiwa vyetu vimo. Hurithiwa kupitia kwa mama, na wavulana ndio huathirika zaidi. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua, mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe za damu yake. Rangi iliyomo ndani ya hina ni moja ya vitu hivyo. Mwaka 2001 madaktari wa Al Ain, Falme za Kiarabu, walichapisha taarifa za watoto wenye upungufu huo ambao damu yao ilivunjika vibaya baada ya kupakwa hina.

Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe hina, si viganjani, si nyayoni, si kichwani baada ya kunyolewa. Ikiwa tayari amepakwa, na siku zinazofuata akawa wa manjano machoni, au amepauka, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali hapohapo, na waganga waambiwe kuwa alipakwa hina. Neno hilo moja linaweza kuwaokolea muda.

Yaleyale ya G6PD yanahusu vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo wasile nguo. Nguo za mtoto zilizokaa navyo miezi, kisha akavishwa bila ya kufuliwa na kuanikwa, zimewahi kuwaletea watoto manjano makali yanayodhuru ubongo. Basi mama anayehifadhi nguo za mtoto wa kwanza kumngojea wa pili, asiweke vidonge hivyo.

Piko ni hadithi nyingine. Piko si hina. Ni rangi ya nywele, na kinachoifanya iwe nyeusi kwa haraka ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Huchoma, hutoa malengelenge, na aliyepata mzio wake mara moja hubaki nao umri wake wote. Watengenezaji wenyewe huonya kuwa si ya kupakwa mwilini. Wasichana wadogo wanachorwa piko siku ya ‘Iyd na harusini kana kwamba ni mapambo tu. Sioni udhuru wowote wa kumchora mtoto kitu hicho, achilia mbali mchanga.

Mafuta ya kuchulia

Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwa usafi, yasiyotiwa manukato, ni katika vitu salama tulivyonavyo, na bibi zetu hawakukosea hapo. Muhimu ni yasiwe yamechacha, chupa iwe safi, na asipakwe mtoto mwenye malengelenge au kidonda bila kuonwa kwanza. Ya alizeti nayo hayana ubaya mkubwa.

Mafuta ya zaituni yanahitaji maneno kidogo. Mti wake umebarikiwa kwa nassi ya Qur-aan, na imepokewa kuwa yaliwe na yapakwe. Hatuna neno juu ya hilo. Lakini watafiti wa Uingereza waliopima ngozi za watu wazima mwaka 2013 walikuta kuwa mafuta hayo yanalegeza kizuizi cha ngozi, kwa sababu ya wingi wa asidi ya oleiki. Kwa mtoto mwenye ngozi kavu inayopasuka na kuwasha, si chaguo bora. Baraka ya kitu haimaanishi kuwa kinamfaa kila mtu katika kila hali; asali nayo ina shifaa, na madaktari wanakataza asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Sasa karafuu. Kisiwani Pemba mafuta ya makonyo hukamuliwa Wawi, na nyumba chache sana hazina kichupa. Mafuta hayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, yenye nguvu ya kutia ganzi na kuchoma. Mtu mzima mwenye maumivu ya jino anajua ukali wake. Wapo wanaoyachanganya na mafuta ya nazi wakamchua mtoto tumbo anapolia kwa msokoto, na wapo wanaomtonesha kinywani. La kinywani ni hatari kubwa: imeandikwa kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyekunywa baina ya mililita 5 na 10, akapoteza fahamu na ini lake likadhurika. Kichupa hicho kifichwe mahali ambapo mtoto hafiki, na asipakwe mtoto mchanga. Mafuta ya mdalasini na ya mkaratusi yana hukumu hiyohiyo.

Dawa za kuchua zenye mentholi na kafuri, wengine huiita karafuu maiti, zinapakwa kifuani mwa mtoto anapopata mafua. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 zisitumike. Harufu kali ya mentholi karibu na pua inaweza kumfanya mtoto mchanga abanwe koo na asite kupumua, na kafuri ikiingia mwilini husababisha degedege. Pua iliyoziba husafishwa kwa matone ya maji ya chumvi ya hospitali, na maziwa ya mama yanaendelea.

Poda na harara

Joto la visiwani linaleta harara, na harara inaleta poda. Poda ya talki haitibu harara. Inanyonya jasho kidogo, kisha inaganda kwenye mikunjo ya shingo na kinena. Hatari yake ya haraka ni kuvutwa puani: mtoto akimwagiwa wingu la poda usoni anaweza kupata shida kubwa ya mapafu. Hatari ya muda mrefu ni kuwa talki huchimbwa ardhini mahali pamoja na asbesto, na zikichanganyika ni vigumu kuzitenganisha. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda yake ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na dunia nzima mwaka 2023. Mwezi wa Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani.

Harara inatibiwa kwa hewa. Mvue nguo za nailoni, muogeshe maji ya kawaida, mkaushe mikunjo kwa kitambaa laini, mvishe kanga ya pamba. Dalia, liwa na manjano viachwe kwa bi harusi. Manjano ya unga yamewahi kukutwa nchini Bangladesh yakitiwa rangi yenye risasi ili yang’are, na mnunuzi wa sokoni hana macho ya kulitambua hilo.

Kuhusu zafarani, imepokewa katika Sunan Abiy Daawuwd kuwa Waislamu walikuwa wakimnyoa mtoto na kumpaka zafarani kichwani badala ya damu ya mnyama waliyokuwa wakipaka zama za ujahili. Anayependa kulitenda hilo siku ya ‘aqiyqah atumie nyuzi za zafarani halisi zilizorowekwa kidogo, si unga wa rangi wenye jina la zafarani. Na kama wembe umemkata mtoto, asubiri.

Krimu za dukani

Katika yote tuliyoyataja, hili ndilo linalotokea kila siku na linasemwa kidogo. Mtoto anapata upele kwenye nepi, mama anakwenda duka la dawa, anapewa bomba dogo la mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Baada ya siku mbili upele umekwisha, na mama anaisifu kwa majirani. Kilichouondoa uwekundu huo haraka ni steroidi. Ikitumika wiki kwa wiki, chini ya nepi iliyofunga, ngozi hukonda, na dawa huingia mwilini hadi mtoto akavimba uso na tezi zake zikazembea kazi. Wapo watoto walionenepa mashavu, watu wakasema mashaa Allaah, kumbe ni dawa. Krimu yenye betamethasoni au klobetasoli isipakwe kwa mtoto ila kwa maelekezo ya daktari na kwa siku alizozitaja. Kwa upele wa nepi, ibadilishwe mapema, aoshwe kwa maji, akae wazi kidogo, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu au krimu ya zinki.

Krimu za kung’arisha ngozi ndizo mbaya zaidi, hata pale anapopaka mama na si mtoto. Nyingi za magendo zina zebaki. Mkataba wa Minamata umezipiga marufuku, lakini bado zinapenya. Mtoto hulala kifuani kwa mama, hunyonya, hushikwa kwa mikono ileile. Mkipata kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, au lisilo na jina la aliyelitengeneza, ulizeni kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA.

Vitambaa vyenye maji na losheni za watoto mara nyingi vina manukato, yanayoandikwa parfum au fragrance. Kwa mtoto hayana faida yoyote, na ndiyo yanayoongoza kuleta mzio. Kihifadhi kiitwacho methylisothiazolinone nacho kimesumbua watu wengi, hata Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku katika vipodozi visivyooshwa tangu mwaka 2017. Maneno “asilia” na “kwa watoto” juu ya kopo si dhamana ya kitu. Dawa ya kuua vijidudu ya kusafishia sakafu na vidonda isitiwe kwenye maji ya kumuogeshea.

Ama swali la uhalali wa vilivyomo: cetyl alcohol na stearyl alcohol zinazosomeka kwenye losheni si pombe ya kulevya. Ni mafuta yaliyoganda, na hayana uhusiano na khamr ila jina. Glisirini inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama. Ikijulikana kwa yakini kuwa imetoka kwa nguruwe, basi katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi’iy yaliyoenea visiwani kwetu, kubadilika kwa kitu kiwandani hakukitoharishi, nayo ni najisi nzito. Wapo wanavyuoni wengine walioona kuwa kikibadilika kabisa huwa twahara. Pasipo na yakini, asili ya vitu ni twahara, na Muislamu hatakiwi kujitia wasiwasi. Tumeona watu wanaoulizia sana nguruwe na hawaulizii kabisa zebaki.

Kitovu

Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisitiwe majivu, mavumbi ya makaa, poda, wala mafuta; vijidudu vya pepopunda hukaa katika vitu kama hivyo. Kisiwa cha Pemba kina sehemu yake katika elimu hii: kuanzia mwaka 2011 ulifanywa huko utafiti uliochukua watoto zaidi ya 36,000, wengine wakisafishwa kitovu kwa klorheksidini na wengine kikiachwa kikavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa katika vifo. Mkipewa dawa hiyo kituoni, itumieni kama mlivyoelezwa, na iwekwe mbali na dawa za macho: katika nchi kadhaa za Afrika watoto wametiwa machoni kwa kudhaniwa ni matone ya macho, na wengine wakapofuka. Ngozi inayozunguka kitovu ikiwa nyekundu, au pakitoka usaha, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto usisuguliwe. Ni mafuta Aliyompaka Mola wake, na Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Kwa mbu, alazwe ndani ya chandarua. Dawa za kupaka zenye DEET hazimfai aliye chini ya miezi 2. Kwa jua, kivuli na nguo vinatosha mpaka afike miezi 6.

Na mama mkwe akija na kichupa chake, hapana haja ya kugombana. Mwambieni kwa adabu: “Mama, kituoni wametwambia tusimpake kitu kwa sasa, tumsomee tu.” Mpeni mtoto ampakate amsomee al-Mu’awwidhataan, na kichupa kiwekwe juu ya kabati.

Na Allaah Anajua zaidi.